Shajara ya mradi: chembe za kunyonya unyevu kwa ajili ya dagaa wa Mwaloni

Februari 9

Karakana ya Nyakato, hapa Mwanza, iko tayari: meza mbili, mizani inayosoma hadi sehemu ya gramu, hita ya maji, ndoo za plastiki na pipa la kukusanyia maji machafu. Tunataka kutengeneza hapa, kwa kutumia maji na moto mdogo, fuwele zenye vitundu vinavyonyonya unyevu wa hewa, kisha tuzitumie kwenye kabati la kukaushia dagaa wa soko la Mwaloni msimu wa mvua. Tunataka kilo nzima nzima, na tunataka maji machafu ya kazi hii yasiishie Ziwa Victoria.

Fuwele zenyewe ni za jamii ya viunzi vya metali na ogania. Atomi za metali zinashikana na molekuli za kaboni kwa mpangilio unaojirudia, na katikati panabaki nafasi tupu ambamo maji au gesi huingia na kutoka. Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025 kwa kazi ya kuanzisha elimu hii. Tangu miaka ya 1990 zimeshabuniwa aina maelfu kwa maelfu, ila zinazouzwa kwa tani ni chache mno. Sababu kubwa ni namna zinavyopikwa: mara nyingi hukaa siku nzima au zaidi kwenye chombo kilichofungwa kwa shinikizo, ndani ya kiyeyushi kama dimethiliformamidi, ambacho huumiza ini na hakitakiwi karibu na mwanamke mjamzito. Njia hiyo hatuiingizi Nyakato hata kama tungepewa vifaa vya bure.

Februari 17

Tumeamua tutengeneze nini. Mjadala ulikuwa mrefu, kwa hiyo nauandika wote.

Zeolaiti, madini yenye vitundu, ndizo zilizozoeleka. Jina hilo lilitolewa na Axel Fredrik Cronstedt mwaka 1756, alipoona jiwe likitoa mvuke lilipopashwa moto. Zinatengenezeka kwa udongo mweupe wa kaolini, na Tanzania tunao, Pugu kwa mfano. Hunyonya maji kwa nguvu sana, na hapo ndipo zinapotushinda, maana ili ziyaachie zinataka nyuzi 200 au zaidi. Kwa jua la Mwanza na boksi la kioo hatufiki huko, na kuwasha mkaa ili ukaushe kikaushio ni kurudi nyuma.

Silika jeli inauzwa, lakini hewa ikiwa na unyevu mdogo inanyonya kidogo tu.

Fumareti ya alumini, kimojawapo cha vile viunzi vya metali na ogania, ndiyo tuliyoichagua. Inachukua sehemu kubwa ya maji yake hata unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 40, karibu gramu 0.3 kwa kila gramu ya unga mkavu, na inayaachia kati ya nyuzi 60 na 90. Joto hilo boksi la jua linalitoa. Eneo lake la ndani ni takriban mita za mraba 1000 kwa gramu, yaani gramu saba zina eneo la uwanja mzima wa CCM Kirumba. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilikwisha kuonyesha kwamba inatengenezeka ndani ya maji, ikitoa zaidi ya kilo 3600 kwa siku kwa kila mita ya ujazo ya chombo. Kwa hiyo kemia ipo. Swali letu ni kama inawezekana kwa ndoo, kwa bei ya hapa, bila kuchafua.

Viungo ni vitatu. Salfeti ya alumini, ile shabu inayotumika kusafishia maji. Kostiki soda, ambayo kila mtengeneza sabuni wa mji huu anaijua. Na asidi ya fumariki, ambayo hutiwa kwenye vyakula na tumeagiza kutoka Dar es Salaam.

Machi 2

Pishi la kwanza. Kabla ya yote tulipima kipimajoto kwa barafu na kwa maji yanayochemka. Atakayejaribu kwetu huku akumbuke kwamba ziwa liko mita 1134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kipimajoto kinachosoma 96 hapa ni kizima.

Asidi ya fumariki ni mvivu kuyeyuka: lita moja ya maji ya nyuzi 25 inabeba gramu 6 hivi tu. Ikikutana na kostiki inageuka chumvi na kuyeyuka yote. Tuliandaa ndoo mbili, moja ya shabu iliyopashwa hadi nyuzi 60, nyingine ya kostiki na asidi, tukaanza kumimina ya pili ndani ya ya kwanza huku mwenzangu akikoroga kwa mti. Maji yalikuwa meupe papo hapo. Yakaendelea kuwa mazito mpaka mti ukawa unaacha mfereji nyuma yake, na mfereji unajifunga taratibu.

Kazi yote ya ndani ya ndoo iliisha kabla ya chai ya saa nne. Kilichofuata ni kuchuja, na kuchuja kulikula mchana wote na usiku. Unga ni laini kupita kiasi; unaziba kitambaa cha marikani, maji yanadondoka tone moja moja. Asubuhi ndani ya kitambaa palikuwa na donge linalotikisika, zaidi ya nusu yake likiwa bado maji.

Hili ni la kuzingatia kwa yeyote anayesoma habari za kutengeneza fuwele hizi kwa dakika chache. Dakika hizo ni za kuungana kwa molekuli tu. Kuchuja, kuosha, kukausha na kufinyanga viko nje ya hesabu hiyo, na ndivyo vinavyokula muda na kuni.

Machi 6

Tumepata dawa mbili za kitambaa. Kwanza, kumimina polepole kwa uzi mwembamba badala ya kumwaga. Chembe zinapata nafasi ya kukua, na unga unashuka chini haraka zaidi. Pili, mashine ya kufulia ya zamani, ile sehemu ya kukamulia. Unga unawekwa kwenye mfuko wa marikani mzito, mfuko unafungwa vizuri, unasawazishwa na mwingine wa uzito uleule upande wa pili, kisha mashine inazungushwa. Linatoka donge gumu linalovunjika kwa vidole. Kazi ya usiku mzima sasa inakwisha wakati wa kunywa chai, na umeme inaotumia ni mdogo.

Kuosha tunapima kwa kile kifaa kidogo cha chumvi ambacho wauza maji wanacho. Maji ya ziwa letu yana chumvi kidogo sana, kifaa kinasoma karibu maikrosimensi 100 kwa sentimita, na hilo ni jambo jema: tunaosha mpaka maji yanayotoka yakaribie kipimo cha maji yanayoingia.

Machi 14

Tutajuaje kwamba unga huu ni fumareti yenyewe, wala si haidroksidi ya alumini tu iliyochanganyika na chumvi? Vyote ni vyeupe. Sampuli tumeituma Dar es Salaam ipigwe eksirei, lakini hatuwezi kusubiri jibu kila tunapopika. Kwa hiyo tumejiwekea vipimo viwili vya karakana.

Cha kwanza ni majivu. Pima unga mkavu, uchome kwenye tanuru la mfinyanzi mpaka ubaki mweupe usio na alama ya kaboni, pima tena. Fumareti ya alumini huacha oksidi ya alumini karibu asilimia 32 ya uzito wake. Haidroksidi huacha asilimia 65. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba hata mizani ya sonara inaitambua. Ukipata katikati, basi una mchanganyiko au hujaosha vya kutosha.

Cha pili ni unyevu. Chukua boksi la plastiki linalofunga vizuri, weka ndani kikombe cha kloridi ya magnesiamu iliyolowa kiasi kwamba fuwele bado zinaonekana chini ya maji. Hewa ya boksi itatulia kwenye unyevu wa asilimia 33. Unga uliokaushwa kwa nyuzi zaidi ya 100 unawekwa humo na kupimwa asubuhi na jioni mpaka uzito usimame. Ukiongezeka karibu theluthi, una kitu. Ukiongezeka kidogo tu, umepika udongo.

Donge la Machi 2 halikufika. Yale ya baada ya kumimina polepole yamefika.

Machi 21

Tulikwenda Mwaloni, Kirumba. Giza la mwezi lilikuwa limeingia, kwa hiyo taa za wavuvi ziliwaka usiku kucha na asubuhi dagaa walikuwa wengi, halafu mvua ikaja saa tatu. Wanawake walikuwa wanakunja vyandarua mbio. Dagaa waliolowa mara mbili wanapoteza rangi, wanaanza kunuka, na bei yao inashuka hadi ya chakula cha kuku.

Mama mmoja ambaye ameanika hapo miaka mingi alisikiliza maelezo yetu yote.

“Shikamoo mama, tunataka kujua kabati likufae vipi.”

“Marahaba mwanangu. Niambie kwanza, hilo kabati linakausha ndoo ngapi?”

Tulirudi karakana na swali hilo. Dagaa mbichi ni karibu robo tatu maji. Kumkausha kilo moja tangu mbichi ni kumtoa maji karibu gramu 700. Kwa unga unaobeba theluthi ya uzito wake, unahitaji zaidi ya kilo mbili za unga kwa kilo moja ya dagaa, kwa mzunguko mmoja. Kwa ndoo za Mwaloni hilo haliwezekani, na hatutalidanganya soko.

Lakini jua la asubuhi moja tu hutoa sehemu kubwa ya maji hayo bure. Mahali panapouma ni mwisho: dagaa amefika asilimia 25 ya unyevu, mvua inakuja, usiku unaingia, na ndani ya gunia anaanza kuota ukungu. Kilo 10 za dagaa wa namna hiyo, kuwashusha hadi asilimia 15, ni kuwatoa maji kilo 1.2 tu. Kilo 4 za chembe zinatosha kwa usiku mmoja, na kesho yake zinaanikwa kwenye boksi la jua ziachie maji. Kabati letu sasa ni la usiku wa mwisho wa kuanika. Mama alipoelezwa hivyo alisema huo ndio usiku anaolala macho.

Machi 30

Pipa la maji machafu limejaa, na ndilo lililonifanya nikae na kalamu.

Kwa njia ya Machi 2, kila kilo ya fumareti inadai shabu kilo 2.1, asidi ya fumariki kilo 0.73 na kostiki kilo 0.76. Na inaacha salfeti ya sodiamu kilo 1.35. Yaani tunatengeneza chumvi nyingi kuliko bidhaa. Watu husema njia hii ni safi kwa sababu kiyeyushi chake ni maji. Kwa afya ya mpikaji ni kweli kabisa. Kwa Ghuba ya Mwanza, ambayo ni nyembamba na tayari inabeba magugumaji na uchafu wa mji, maji yenye chumvi kila siku hayawezi kuitwa safi.

Chumvi hiyo ina kazi. Salfeti ya sodiamu hutumika kuongezea ujazo kwenye sabuni za unga, na mtengeneza sabuni wa jirani amekubali kuipokea ikiwa kavu. Tumetengeneza mabeseni mapana meusi ya kuvukizia juani. Masika haya yanavukiza polepole mno, kwa hiyo dawa ya kweli ni kupunguza chumvi tangu mwanzo.

Aprili 6

Njia ya alumineti. Hapa ndipo nilipofurahi kuliko siku zote za mradi.

Alumini ya metali ikitiwa kwenye kostiki huyeyuka na kuwa alumineti ya sodiamu. Alumineti inakuja na haidroksidi zake yenyewe, na hizo ndizo zinazovua asidi ya fumariki haidrojeni zake. Kazi ambayo kostiki ilikuwa inafanya peke yake inafanywa na chanzo chenyewe cha alumini. Ukichanganya sehemu tatu za alumini kutoka alumineti na sehemu moja kutoka shabu, hesabu inakaa sawa bila kubaki asidi wala kostiki. Kila kilo ya fumareti inataka alumini kilo 0.13, shabu 0.53, kostiki 0.19, na asidi ya fumariki ileile 0.73. Salfeti ya sodiamu inashuka kutoka kilo 1.35 hadi 0.34. Robo! Kostiki nayo robo. Kwenye karatasi, bila shaka; kwa vitendo alumini haiyeyuki yote bila kostiki ya ziada kidogo.

Alumini tumenunua kwa wauza vyuma chakavu: makopo ya soda na bia. Makopo lazima yakwanguliwe rangi na ile ngozi ya plastiki ya ndani. Yakiingia kwenye kostiki yanatulia kidogo, kisha povu linaanza pembeni, ndoo inapata moto, na maji yanageuka kijivu. Chini yanabaki matope meusi ya metali nyingine zilizochanganywa kwenye kopo. Tunayachuja kabla ya kuendelea, la sivyo unga unatoka na rangi ya jivu.

Povu hilo ni haidrojeni. Alumini ya kutosha kilo moja ya fumareti inatoa lita 200 hivi za gesi hiyo. Kazi hii inafanyika nje, mbali na jiko, mbali na sigara, kwenye ndoo isiyofunikwa, na alumini inatiwa kidogo kidogo. Miwani na glavu havivuliwi. Nimeandika hivyo ukutani kwa herufi kubwa.

Aprili 12

Pishi la alumineti linataka subira. Asidi ya fumariki na shabu zinakaa kwenye ndoo ya nyuzi 60, asidi ikiwa bado inaelea, na alumineti inaingizwa kwa uzi mwembamba. Ukiiharakisha, karatasi ya pH inapanda upande wa kostiki na haidroksidi inajitenga kabla fuwele haijajipanga. Ikiingia taratibu, asidi inayoelea inayeyuka kadiri inavyotumika, na maji yanabaki upande wa asidi hafifu mpaka mwisho. Mwenzangu ametundika chupa ya dripu ya hospitali yenye kidhibiti chake. Inafanya kazi vizuri kuliko mkono wa mtu yeyote.

Majivu ya pishi hili: karibu theluthi. Unyevu: umefika.

Jibu la eksirei ya pishi la Machi nalo limekuja. Kwenye mchoro wake kilele kikubwa kimesimama karibu na digrii 10.5, mahali pa fumareti ya alumini.

Aprili 20

Tulijaribu pia njia ya kusaga, isiyotaka maji. Stuart James na wenzake wa Queen's University Belfast walionyesha kwamba viunzi hivi vinaweza kutoka kwenye mashine ya parafujo mbili kama za viwanda vya plastiki. Kanda hii ya Ziwa ina utamaduni mkubwa wa kusaga, makarasha ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, yaani mapipa yanayozunguka yakiwa na mipira ya kusagia ndani, yametapakaa Geita yote. Fundi alitutengenezea karasha dogo jipya. La kuazima tulilikataa, kwa sababu la dhahabu limeshapita zebaki, na zebaki haina nafasi karibu na chakula.

Mchanganyiko uliganda kwenye kuta za pipa na mipira ikawa inateleza juu yake. Karasha tumelibakiza kwa kusagia asidi ya fumariki iwe laini, nalo linaifanya iyeyuke haraka zaidi.

Mei 4

Kufinyanga. Unga mtupu hauwezi kukaa kwenye kabati, feni inaupeperusha, na ukiurundika hewa haipiti. Tumeukanda na udongo wa bentonaiti kidogo na maji, tukaupitisha kwenye mashine ya kusagia nyama. Nyuzi zinatoka mashimoni, tunazikata fupi, zinakauka kivulini kwanza na juani baadaye. Zikianzia juani zinapasuka. Wanga wa muhogo ulishika vizuri zaidi, lakini kitu kinachokaa na unyevu kila usiku karibu na samaki kisiwe na wanga ndani yake, kitaota ukungu.

Udongo unapunguza uwezo wa kunyonya, kwa hiyo tunautumia mchache kadiri chembe zinavyovumilia. Kipimo chetu ni kuangusha chembe sakafuni kutoka usawa wa kifua. Isiyovunjika inaingia kabatini.

Mei 17

Kabati limelala na dagaa wa yule mama. Chembe ziko kwenye trei za chini, dagaa juu kwenye vyandarua, feni ndogo ya sola inazungusha hewa, na hakuna mahali dagaa wanapogusana na chembe. Usiku ulikuwa wa mvua. Asubuhi alimvunja dagaa mmoja katikati, akasikiliza, akavunja mwingine wa trei ya kati, huyo akapinda. Trei ya kati haipati hewa ya kutosha. Tunahamisha feni na kuongeza nafasi kati ya trei.

Boksi la jua lilifika nyuzi 70 mchana, mawingu yakiwa yamepungua, na chembe zilirudi karibu na uzito wake mkavu. Siku za mawingu mazito hazirudi zote, na tunahitaji seti ya pili ya kubadilishana.

Mei 25

Linalobaki ni asidi ya fumariki. Ndiyo kiungo cha bei kubwa kuliko vyote, na sehemu kubwa inayouzwa duniani asili yake ni mafuta ya petroli. Kuna ukungu wa jamii ya Rhizopus unaoitengeneza kutokana na sukari, na molasi ya kiwanda cha sukari cha Kagera iko ng'ambo ya ziwa tu. Kazi ya Juni ni mbili: seti ya pili ya chembe kwa njia ya alumineti, na kumtafuta mtu wa baiolojia anayejua kulea Rhizopus. Anayemfahamu mtu huyo, karakana iko Nyakato na tunafungua saa mbili asubuhi.